Kirando, Aliyechimba Shimo Ndiye Huanza Kusema

Ziwa Tanganyika halijawahi kukubali kukaa mahali pamoja. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliufikia mto Lukuga upande wa Kongo akakuta mlango pekee wa kutolea maji ya ziwa umezibwa na matete, magugu na mchanga. Maji yakazidi kujaa. Mwishoni mwa muongo huo kizuizi kilibomoka, ziwa likaanza kumwagika kuelekea mto Kongo, na katika miaka iliyofuata usawa wake ukashuka kwa mita kadhaa. Wabelgiji waliokuwa wamejenga ngome yao Karema mwaka 1879, karibu na maji, wakaona ufuko ukiwakimbia. Mapadre wa White Fathers waliokabidhiwa ngome hiyo mwaka 1885 walirithi jengo la pwani lililokuwa likigeuka kuwa la bara.

Kutoka Karema ukishuka kusini, pwani ni ileile hadi kijiji cha Kirando.

Fundi sanifu mmoja wa maabara ya udongo, mzaliwa wa Kirando ambaye sasa amestaafu, huanza na kisa hicho cha ziwa kila anapoulizwa kwa nini jengo moja la umma alilosaidia kulijenga kijijini kwao limepanda mlimani, mahali ambapo mwanzoni hakuna aliyepataka. Watu humwita Mzee wa Mashimo. Jina hilo lilianza kama utani wa vijana wa bodaboda waliokuwa wakimpita amejitumbukiza shimoni hadi kiunoni, akinusa bonge la udongo. Hakulikataa, na siku hizi ukimwita kwa jina la ubatizo anachelewa kuitika.

Utoto wake aliupitisha ufukoni. Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ilikuwa ikifika Kirando na kusimama mbali na nchi kavu kwa kuwa hapakuwa na gati la kuipokea. Maboti ndiyo yaliyotoka kupeleka abiria, magunia ya dagaa na ya mpunga. Wachukuzi walioingia majini kuyavuta maboti hayo walijua wapi chini ya maji pana mchanga unaobeba mguu na wapi pana tope la kumeza mtu hadi magotini. Hapakuwa na kibao wala alama. Kijana alipowauliza walijuaje, walimcheka na kumwambia aingie majini.

Miaka mingi baadaye alipata ajira kwenye barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220, iliyowekwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia mkataba wa dola milioni 698 ambao Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush waliusaini Dar es Salaam Februari 2008. Kazi yake ilikuwa chini katika ngazi ya vyeo: kuchukua sampuli, kuzikausha, kuzichekecha, kuzishindilia ndani ya kopo la chuma, kisha kuzizamisha majini kwa siku 4 kabla ya kupima zinabeba mzigo kiasi gani. Kipimo hicho, CBR, kilizaliwa California mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 kuhusu usanifu wa barabara za Tanzania umekiegemea sana. Kuzamisha kwa siku 4 kunawaudhi makandarasi wenye haraka. Lakini udongo mkavu wa Ufipa mwezi Septemba unajibu kwa kiburi; ukitaka ukweli wake, uuloweshe kwanza.

Maabara ilimfundisha namba. Mashimo yalimfundisha watu.

Kwenye mradi wa barabara, shimo la majaribio huchimbwa na kibarua kwa sururu na koleo. Fundi sanifu anakuja likiwa limekwisha, anaandika rangi ya tabaka na kina chake, anajaza mifuko, anaondoka. Mhandisi anasoma karatasi. Mshauri mwelekezi anasoma muhtasari wa karatasi. Kila ngazi inayopandwa, udongo unapungua na maneno yanaongezeka. Aliyeusikia mlio wa sururu ukibadilika, aliyeona maji yanaanza kuchuruzika upande mmoja wa shimo na siyo mwingine, aliyegundua kwamba tope la chini linateleza vidoleni kama sabuni, huyo hayumo popote kwenye ripoti. Analipwa jioni na kesho anaweza asirudi. Mzee wa Mashimo akajiwekea desturi ya kufika shimo likiwa nusu, kukaa ukingoni na kuzungumza na mchimbaji, na kuandika maneno yake pembeni mwa fomu kama yalivyosemwa. Wakubwa wake hawakuona ubaya. Wengine hawakuona kabisa.

Kifaa alichokipenda kuliko vyote ni DCP, fimbo ya chuma yenye ncha ya koni na nyundo ya kilo 8 inayoinuliwa na kuachiwa ianguke milimita 575. Unahesabu mapigo, unasoma koni imezama milimita ngapi, na mchoro wa ugumu wa ardhi unajichora tabaka kwa tabaka. Wazo lake lilianzia Australia mwaka 1956, likaja kuendelezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1970. Kinafungwa nyuma ya pikipiki. Lakini hakiendeshwi na mtu mmoja: mmoja anainua nyundo, wa pili anaishika fimbo isimame wima, wa tatu anasoma rula na kuandika. Fimbo ikiinama, ukuta wa shimo unaisugua na udongo laini unaonekana mgumu. Nyundo isipofika juu kabisa kabla ya kuachiwa, hesabu yote ni bure. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hakuna somo la ushirikiano kazini linaloweza kufundishwa ukumbini kwa kalamu na daftari likafikia asubuhi moja ya kupiga DCP na wenzako wawili juani.

Mwaka 2020 mvua zilinyesha Afrika Mashariki kwa namna ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Mwezi Mei mwaka huo Ziwa Viktoria lilipita kidogo rekodi yake ya 1964. Tanganyika nalo likapanda, na kufikia 2021 maji yalikuwa yameingia mitaani Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kirando, vichanja vya kuanikia dagaa vilianza kusimama majini.

Ni katika kipindi hichohicho kijiji kilipata fedha za jengo la huduma. Lilikuwa lijengwe kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi mkubwa. Mafundi wa eneo hupewa kazi, wananchi huchangia nguvu, na kazi husimamiwa na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Utaratibu huu una wapinzani wake, na baadhi ya lawama ni za haki. Mafundi hawalingani, vifaa huchelewa, na vitabu vya hesabu huandikwa na watu wenye shughuli zao nyingine. Hata hivyo una jambo moja ambalo miradi mikubwa huligharamia sana na mara nyingi hailipati. Mwenye kujenga, mwenye kuchimba, mwenye kusimamia na mwenye kutumia jengo wote wanaishi umbali wa kusikilizana.

Eneo lililotengwa lilikuwa tambarare, karibu na barabara na karibu na ufuko. Kila mtu alilipenda. Wananchi walikwisha kusomba mawe na mchanga, na shimo la majaribio lilikwisha kuchimbwa. Ramani ya jengo ilikuwa tayari, ileile inayotumika kwingineko nchini, na fedha zilikuwa na tarehe ya mwisho. Kikao kiliitishwa kwenye eneo lenyewe ili kazi ianze, na mzee, aliyekuwa amerudi nyumbani, akaalikwa kwa heshima tu. Mhandisi wa mradi alikuwa binti wa miaka isiyozidi thelathini. Alimwamkia mzee shikamoo, akafungua ramani juu ya boneti ya gari. Mzee akaitikia marahaba na kuomba jambo moja.

“Injinia, mwanangu, kabla ramani haijasema, tumsikie aliyechimba shimo.”

Watu walicheka kidogo. Mhandisi hakucheka. Alikunja ramani.

Aliyechimba alikuwa kijana wa kazi ya visima. Hakuzoea kusemeshwa na kikao, na alianza kwa kuomba radhi. Kisha akaeleza kwamba sururu ilishuka bila kazi tangu juu, kwamba kwenye kina cha kifua chake alikuta tabaka la makombe ya konokono wa ziwani, chini yake mchanga mweusi wenye harufu, na kwamba maji yalianza kuingia kutoka upande wa ziwa, si kutoka upande wa mlima. Visima vyake vya miaka ya nyuma kwenye mstari huohuo, akaongeza, maji alikuwa akiyakuta chini zaidi. Maneno hayo hayakufika dakika tano. Yalikuwa na habari ambayo ripoti ya uchunguzi wa udongo ingeieleza kwa kurasa kumi: hapa palikuwa ufuko zamani, mchanga haujashikana, na maji ya chini ya ardhi yanapanda pamoja na ziwa.

Baada yake akaomba nafasi bibi mmoja anayeuza dagaa. Alikuwa msichana wa kuchota maji wakati wa mvua kubwa zilizoanza mwaka wa Uhuru, 1961, zikaliinua ziwa hadi 1964. Alinyoosha mkono kuuonyesha mkwaju. Maji, alisema, yalifika pale, na wao walifunga mtumbwi kwenye shina lake.

Hapo ndipo ingekuwa rahisi kugawanyika, wenye vyeti upande huu na wenye kumbukumbu upande ule. Kumbukumbu ya mtu mzima ni jambo la kuheshimiwa, lakini haitoshi kuhamisha jengo la mamilioni. Fundi mwashi ndiye aliyelimaliza. Akachukua mpira wake wa levo, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi hujaza maji na kuhamishia usawa kutoka ukuta hadi ukuta, akaanza kupima kutoka shina la mkwaju, hatua kwa hatua, hadi kwenye vigingi vya msingi. Kijana wa visima alishika upande mmoja, mhandisi mwenyewe akashika mwingine. Sakafu iliyopangwa ilikuwa chini ya alama ya mkwaju kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.

DCP ilipopigwa alasiri hiyo, koni ilizama kwa uvivu wa kutisha.

Wasomaji wasio wahandisi wanaweza kujiuliza kuna ubaya gani maji yakipanda chini ya nyumba maadamu hayajafika sakafuni. Jibu lilitolewa karibu miaka 100 iliyopita na Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague aliyefundisha Istanbul na kuchapisha huko Vienna mwaka 1925 kitabu kilichoanzisha sayansi ya udongo wa ujenzi. Udongo haubebi mzigo kwa uzito wake wote. Hubeba kwa nguvu ya punje kukandamizana, na maji yaliyo kati ya punje hupunguza mkandamizo huo. Mchanga uliozama hupoteza karibu nusu ya uzito wake wa kufanya kazi, na msingi mfupi uliojengwa juu ya mchanga mkavu unaweza kubaki na takriban nusu ya uwezo wake maji yakifika usawa wake. Jengo halihitaji kuogelea ili lipasuke. Linahitaji tu maji yapande yasipotarajiwa, tena yapande zaidi upande mmoja.

Kisha lipo tetemeko. Ufipa imekaa kati ya matawi ya Bonde la Ufa, Tanganyika upande mmoja na Rukwa upande wa pili. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo hili lilipigwa na tetemeko linalokadiriwa kufikia ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Tarehe 5 Desemba 2005 jingine la 6.8 lilianzia chini ya ziwa lenyewe, likaangusha nyumba Kalemie na kusikika hadi Nairobi. Mchanga uliolegea na kujaa maji ukitikiswa hivyo huweza kugeuka uji kwa muda mfupi, na kilichosimama juu yake kikazama au kulala ubavu. Wazee wa Kirando wanalikumbuka la 2005. Ramani ile haikuwa na habari nalo.

Kwa hiyo jengo likahama. Hapo mambo yakawa magumu zaidi, na hapa ndipo kisa hiki kinapopendeza.

Eneo jipya lilikuwa mteremko, hatua za kutosha juu ya mkwaju. Mawe yalitokeza upande wa juu. Upande wa chini palikuwa na udongo mwekundu uliotelemshwa na mvua kwa miaka. Wengi walidhani mwamba ni heri tupu. Fundi mwashi akapinga. Jengo refu lenye nusu moja juu ya jiwe na nusu juu ya udongo litapasuka katikati, alisema, kwa sababu nusu moja haitashuka hata nywele na nyingine itashuka. Hiyo ndiyo tofauti ya kushuka ambayo vitabu vya misingi huitaja kuwa hatari kuliko kushuka kwenyewe, na fundi aliifahamu kutokana na nyumba alizoziona zikichanika mjini Namanyere. Akapendekeza msingi wa ngazi, unaoshuka mteremko kwa hatua huku kila hatua ikikaa bapa.

Mhandisi aliipokea akaiongezea jambo ambalo fundi hakulifikiria, kulikata jengo vipande viwili kamili, kila kimoja na kuta zake na paa lake, na kuacha pengo dogo mahali mwamba unapokwisha. Kila kipande kishuke kivyake na kitikisike kivyake. Mkanda wa zege wenye nondo ukapitishwa kwenye msingi na mwingine juu ya madirisha, ili kuta zifungwe pamoja siku ardhi ikicheza. Mjumbe mmoja wa kamati ya manunuzi alilalamika kwamba pengo linaongeza ukuta, na ukuta unaongeza saruji. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hesabu ikafanywa mbele yake, saruji iliyoongezeka kwenye ukuta ikalinganishwa na kifusi ambacho kingehitajika kuinua sakafu kule ufukoni, na akaridhika. Mzee husema kikao hicho cha hesabu ndicho kilichookoa mradi, maana mtu anayesimamia fedha asipoelewa sababu ya mabadiliko, atayaua polepole kwa kuchelewesha vifaa.

Wazo la mwisho lilitoka kwa akina mama waliokuwa wakisomba maji ya ujenzi. Mvua ya mlimani hushuka kwa kasi na ingekuja kuula msingi kutoka upande wa juu. Wao huzungushia nyumba zao udongo wa kichuguu uliopondwa, ukaloweshwa na kushindiliwa. Ukikauka maji huupita juu juu. Mhandisi hakuwa tayari kuuweka chini ya msingi, na alikuwa sahihi kabisa. Bali kama vazi la nje, la kuyateremshia maji mferejini, alikubali, kwa sharti kwamba ujaribiwe kwanza. Wakachanganya na mchanga kwa vipimo tofauti ndani ya makopo ya rangi, wakamwagia maji, wakachagua mchanganyiko usiopasuka. Ufipa haikuanza jana kuuamini udongo huo. Wafuaji chuma wa kale waliutumia kujengea malungu, tanuri ndefu kupita kimo cha mtu zilizoyeyusha chuma kwa upepo unaojivuta wenyewe. Kazi ile nayo ilikuwa ya kundi: wachoma mkaa, wachimba mawe ya chuma, wajenzi wa tanuri na mwenye dawa, kila mmoja na zamu yake.

Inavutia kwamba njia waliyoifuata watu wa Kirando ina historia yake mbali sana. Kati ya 1939 na 1942 jiji la Chicago lilikuwa likichimba reli ya chini ya ardhi kwenye udongo laini wa mfinyanzi, na majengo ya juu yalikuwa hatarini kushuka. Terzaghi alikuwa mshauri. Kijana Ralph Peck ndiye aliyeendesha maabara ya udongo ya mradi, akipima kila kukicha ardhi imesogea kiasi gani na kumpelekea mkubwa wake. Vipimo vilionyesha jambo ambalo hesabu za ofisini zisingelitoa: kushuka kwa mitaa kulitegemea sana jinsi magenge ya wachimbaji yalivyofanya kazi yao mle ndani. Ugunduzi huo ulihitaji mtu anayeshuka shimoni, mtu anayepima barabarani, na mtu mwenye nadharia ya kuviunganisha. Mwaka 1969 Peck alitoa mhadhara maarufu London kuhusu utaratibu uliozaliwa na uzoefu wa namna hiyo. Unasanifu kwa hali inayotarajiwa, unajua mapema utafanya nini hali ikiwa mbaya zaidi, kisha unapima wakati kazi inaendelea na uko tayari kubadili.

Miradi mikubwa ya Tanzania inaufahamu utaratibu huo. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Viktoria, lililozinduliwa Juni 2025, lilijengwa katika miaka ambayo ziwa lilivunja rekodi. Wajenzi walianza kwa kujenga daraja la muda la kufanyia kazi, ndipo nguzo za kudumu zikashushwa kupita tope la chini ya maji. Huko kuna wataalamu wa udongo, mitambo ya kutoboa, na fungu la bajeti kwa ajili ya vyote viwili.

Pengo liko chini, kwenye majengo madogo ambayo ndiyo mengi. Kwa mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, serikali ilijenga mwaka 2021 na 2022 vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Yalikuwa mafanikio makubwa na watoto wengi walitoka chini ya miti. Lakini bei moja kwa nchi nzima ina maana kwamba udongo nao unachukuliwa kuwa mmoja. Mkoani Rukwa peke yake, mtu akitoka Sumbawanga, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, akashuka hadi Kirando, karibu mita 1,000 chini yake, anapita udongo mwekundu wa nyanda za juu, moramu, miamba ya ukingo wa Bonde la Ufa, mashamba ya mpunga na mchanga wa ufuko. Akishukia upande wa pili, bonde la Rukwa, anakutana na udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mkono unaingia. Darasa la milioni 20 litasimama salama Sumbawanga na litahitaji msingi tofauti kabisa kule bondeni. Mafundi wanajua hilo. Fungu la fedha halijui.

Mzee wa Mashimo hana hasira na ramani za pamoja. Husema zimeokoa vijiji vingi na matapeli. Anachotaka ni ukurasa mmoja uambatanishwe na kila ramani, ukurasa wa eneo, unaojazwa kabla ya kigingi cha kwanza: nani alichimba, alikuta nini, maji yalitoka wapi, wazee wanasema maji yaliwahi kufika wapi, DCP inasemaje. Na ukurasa huo usainiwe na mchimbaji pia, hata kama ni kwa dole gumba.

Kirando kuna kitu kingine kilichobaki baada ya jengo. Shimo lililochimbwa kwenye eneo la kwanza halikufukiwa, likabaki kuwa kisima. Kimewekewa mfuniko na nguzo yenye alama za rangi, na wanafunzi husoma usawa wa maji na kuuandika kwenye daftari linalokaa ofisini. Zoezi lilikuwa la mwalimu wa jiografia, baada ya kumsikia mhandisi akieleza kwamba hakuna mtu anayepima maji ya chini ya ardhi pale. Ziwa lilipopanda tena mwaka 2024 na kuleta mafuriko upya pembezoni mwake, daftari hilo lilionyesha maji ya kisima yakifuata nyuma ya ziwa, na wenye nyumba za chini walilitumia kuamua wahamishie wapi vyoo vyao. Zoezi hilo halikuwamo kwenye mradi, na hakuna aliyelilipia.

Mambo haya hayahitaji wizara mpya wala sheria mpya. Halmashauri zinazopakana na Ziwa Tanganyika zinaweza kununua DCP na kuifunga kwenye pikipiki ya mhandisi. Zinaweza kuzifundisha kamati za ujenzi kuichukua alama ya maji ya 1964 kutoka kwa wale ambao bado wako hai kuionyesha, na kuipaka rangi kwenye mti au mwamba ambao hautahama. Mashahidi hao sasa wana miaka zaidi ya sabini. Wakurugenzi na wahandisi wa wilaya za mwambao wasingoje mradi ujao ndipo wakawaulize. Waende mwaka huu, na waende na mpira wa levo.